Bomba Linagongwa, Maji Hayaji

Jumanne, 9 Novemba 1976

Enoka ameondoka asubuhi na gengi lake. Wanakwenda kupiga kambi kati ya Vwawa na Mlowo, wasafishe mitaro ya reli kabla mvua hazijakomaa. Atakuwa akija siku moja moja. Nimeanza kuandika kwa sababu kila akirudi huniuliza, "Mmeishije?" nami hujibu, "Tumeishi tu," kumbe mambo yalinijaa kifuani nikayasahau kwa usingizi. Safari hii nitamsomea.

Roda ana miezi saba na hataki kulala chini. Mgongo wangu ndio kitanda chake.

Bibi Ruti, bibi yake Enoka, tuko naye tangu mwezi uliopita. Kwao ni Itaka. Huko mtoto wa jirani alifariki, ndama wakafuata, na yeye ni mzee, anaishi peke yake, macho yake mekundu. Hakuna aliyetamka neno, ila watu walianza kupita mbali na uwanja wake. Enoka akasema, "Hawajasema leo, watasema kesho," akaenda kumchukua. Masikio yake yamekufa karibu yote. Ukitaka akusikie lazima upige kelele mpaka mishipa ya shingo isimame. Mimi ananiita mke mwenzangu, maana mjukuu wake ni mume wake kwa utani. Leo alimshika Enoka mkono mlangoni: "Nenda, lakini ujue umeacha wake wawili. Ulete vitenge viwili."

Kota yetu ya reli ni nyumba moja ndefu ya milango sita. Bomba la maji ni la chuma, linaingia kwenye jiko letu, linatoboa kuta zote, linatokea upande wa pili kwa balozi wa nyumba kumi, Mzee Osward. Kwenye majiko linapita tu, kama mgeni asiyekaribishwa kiti. Koki ni moja, iko nje, chini ya mteremko. Maji hayana saa, na yakija hayakai. Kwa hiyo Mama Ketrina, mke wa balozi, alituwekea utaratibu: anayesikia bomba linanguruma kwanza, agonge mara tatu. Chuma kinapeleka mlio mpaka jiko la mwisho. Ukisikia ngo, ngo, ngo, unamtoa mtoto kwenye ziwa, unakamata ndoo.

Ijumaa, 12 Novemba

Maji yalikuja. Nimefua nepi zote.

Jumatano, 17 Novemba

Leo tumecheka. Nilikuwa mbele ya nyumba nafua, bomba likagongwa. Sote mbio na ndoo, Tabu wa mlango wa nne akakimbia na kiatu kimoja. Koki ikatoa pumzi, pffff, kama mtu aliyeshiba. Tone moja halikudondoka. Mama Ketrina akasema, "Aliyetugonga leo ajitokeze nimpe mume wangu akae naye wiki moja, atajuta." Tukarudi tunacheka.

Ijumaa, 19 Novemba

Limegongwa tena. Pffff. Leo tumecheka kidogo.

Jumanne, 23 Novemba

Mvua ya kwanza. Bati lilipiga kelele, Roda akadhani ni watu, akawa anageuza kichwa kumtafuta anayemsema. Nimekinga maji ya kufulia. Ya kunywa bado ni ya koki.

Bibi ameketi jikoni siku nzima. Nikimpeleka nje akae na wenzie, wanamsalimia kwa mkono, wanatabasamu, wanaendelea na maongezi yao. Nani atakaa anapiga kelele kwa ajili ya "Umeamkaje"? Baada ya muda anasimama mwenyewe, anarudi jikoni.

Jumanne, 30 Novemba

Wiki hii bomba limegongwa bure mara nyingi kuliko maji yalivyokuja. Shida ya mlio huu ni kwamba hauna mlango. Kila mtu anausikia kama umetokea kwake au kwa jirani yake. Nikiwa nje nadhani umetoka kwa Mwanaisha. Mwanaisha anadhani umetoka kwangu.

Huyu Mwanaisha ndiye jirani yangu wa ukuta kwa ukuta. Kwao ni Pangani, mume wake Yahaya anaendesha lori la kubeba mataruma ya reli. Wamekuja mwaka huu. Hawajajaliwa mtoto. Roda akilia yeye huja bila kuitwa, ananinyang'anya: "Lete mchumba wangu, wewe ukalale, shoga, unanuka uchovu."

Leo kwenye koki Tabu amesema, "Mmeona? Yeye hakimbii. Anakuja wa mwisho, anatembea kama bibi harusi."

Mama Ketrina akasema, "Akimbie nini? Mume wake anamletea pipa kwa lori."

"Ndiyo nasema. Mwenye pipa ndiye mwenye nafasi ya kucheza na wenye ndoo. Na Alhamisi jioni anafukiza ubani. Anamfukizia nani?"

Nilishika njia ya nyumbani. Nilikuwa na mtoto mgongoni na ndoo tupu, nikajiambia sina nguvu ya mambo ya watu.

Jumatatu, 6 Desemba

Nimemkuta Bibi ameinama jikoni, ameegemeza taya kwenye bomba, macho amefumba. Nikampigia kelele, "Bibi! Unaumwa?" Akaonyesha shavu. "Jino, mke mwenzangu. Chuma baridi." Nimemsagia karafuu. Hakuiweka.

Jumanne, 14 Desemba

Naandika hata tope sijanawa.

Mvua ilinyesha tangu alfajiri, mteremko wa koki ukawa kama sabuni. Mchana nilikuwa nyumba ya mbele kwa mwenye cherehani, nikasikia watu wanapita mbio wakiita, "Maji! Maji!" Mama Ketrina alikuwa mbele, ana ndoo mbili, na yule ni mama mzito. Mguu ulimtoka. Alianguka amekalia mkono wake wa kushoto. Nilisikia sauti ya mfupa. Sitaki kuiandika ilivyokuwa. Hakupiga kelele mwanzoni, alisema tu, "Jamani," kwa sauti ndogo ya mtoto, halafu ndipo akalia.

Na koki? Pffff.

Mwanaisha alikuwa wa kwanza kumfikia. Alivua mtandio wake akamfunga mkono, akamtuma mtu akamwite Yahaya na lori ampeleke hospitali. Lakini Mama Ketrina alipomwona ameinama juu yake alisema, mbele yetu sote, "Niondolee mikono. Umefurahi sasa?" Mwanaisha akabaki amepiga magoti kwenye tope. Lori lilelile la mume wake ndilo lililompeleka.

Nilipofika nyumbani Bibi aliniuliza kwa mkono: kuna nini huko nje? Nikampigia kelele, "Mama Ketrina kaanguka! Matopeni!" Akatikisa kichwa kwa huruma. Nikaenda kumnyonyesha Roda.

Alhamisi, 16 Desemba

Mama Ketrina amerudi na plasta ngumu mpaka kwenye kiwiko. Sio mzaha tena. Nje hakuna anayemsalimia Mwanaisha. Tabu anawaita watoto wake ndani Mwanaisha akipita.

Jumamosi, 25 Desemba

Enoka amekuja Krismasi, amekula, kesho alfajiri anaondoka, tuta la reli limekatika. Ameleta kitenge kimoja. Bibi amekigombania kwa maneno makali hadi tumecheka wote watatu. Nilimsomea. Akasema, "Bomba lina hewa ndani, Aida. Hewa hugonga." Nikasema hewa haigongi mara tatu ikanyamaza. Akashusha sauti. "Basi kaa mbali na hilo jambo. Tuna mzee humu ndani. Neno uchawi likianza kutafuta mlango, halichagui."

Jumanne, 4 Januari 1977

Mvua. Nepi hazikauki. Nimezianika juu ya bomba.

Jumanne, 11 Januari

Roda amenusurika. Naandika amelala mapajani.

Asubuhi alikuwa na joto. Saa nne mvua ikashuka ya mawe. Nilikuwa namwogesha kumpoza, ghafla akakakamaa, macho yakageuka meupe. Degedege. Nikapiga kelele. Bibi alikuwa hatua chache kutoka kwangu, amenipa mgongo, anachambua maharage, hakugeuka. Na bati lilivyokuwa likipiga, hata mwenye masikio asingesikia. Nikakamata mwiko nikagonga bomba, sikuhesabu, nikagonga tu kama kichaa.

Hakuna aliyekuja. Nawaelewa. Na mimi ningekaa: wamechoka kukimbilia koki yenye pumzi tupu.

Mwanaisha alikuja. Alisukuma mlango ameloa chapachapa, akasema, "Huo haukuwa mlio wa maji, ulikuwa wa mtu." Akamchukua mtoto, akamlaza ubavu, akamfungia kwenye kanga yake, tukatoka. Njia nzima mpaka dispensari alimkinga kwa mwavuli mmoja, yeye na mimi tukiloa. Alikuwa akimsemesha, "Mchumba, usinifanyie hivyo, mahari nishatoa." Mtoto alipigwa sindano. Akalia. Sijawahi kusikia kilio kitamu vile.

Tuliporudi nilimwambia, "Mwanaisha, wanayoyasema..." Akanikata. "Nayasikia. Nimeishi na majirani tangu nizaliwe, shoga, sijaishi na majini. Mlaze mtoto."

Jumamosi, 15 Januari

Mzee Osward amepita mlango kwa mlango. Jumamosi ijayo mchana kuna kikao cha nyumba kumi, na ajenda ni bomba. Tabu ameniambia mwisho wake umeshajulikana: watapeleka neno kwa msimamizi wa kota kwamba mke wa Yahaya ni mchonganishi, ahamishwe. Yahaya hana pa kumpeleka. Atamrudisha Pangani kwa shemeji zake, ambao wameshamtafutia Yahaya mke mwingine wa kuzaa. Hilo Mwanaisha alinieleza mwenyewe siku ile ya mvua, akikamua kanga yake.

"Wewe utasema nini?" Tabu akauliza.

Nikasema mtoto anaumwa.

Jumatano, 19 Januari

Siku ya kliniki. Nesi alikuwa hajafika, wakaturudisha mapema. Nikapitia mlango wa nyuma nisimwamshe Roda mgongoni.

Bibi alikuwa amesimama kwenye bomba. Mkononi ana ule msumari wa reli ambao Enoka huzuilia mlango. Aligonga. Ngo, ngo, ngo. Taratibu, kwa adabu, kama mtu anayebisha hodi. Halafu haraka akaegemeza taya lake kwenye chuma, hapa chini ya sikio kwenye mfupa, akafumba macho.

Nje nilisikia mlango mmoja ukifunguka, na sauti ya Tabu inatukana, "Mwanaharamu wee!" Bibi akatabasamu. Alikuwa amesikia! Bibi ambaye hasikii radi alikuwa anamsikia Tabu wa mlango wa nne.

Sikumgusa. Nilitoka nyuma, nikasimama chini ya paa. Nikasubiri kidogo, nikaingia kwa mlango wa mbele kwa kishindo. Msumari ulikuwa umerudi mlangoni. Bibi anachambua mchele. "Mtoto kapata kilo ngapi, mke mwenzangu?" Nikapunga mkono tu.

Alipokwenda chooni niliweka taya langu kwenye bomba, palepale. Kwanza baridi. Halafu, jamani, nyumba nzima imo mle ndani. Sufuria ya mtu inakwanguliwa. Mama Ketrina anakohoa. Mtu anakata mboga, tena karibu kabisa, na huyo mtu anaongea peke yake polepole: "Hii ya njano nitaichukua. Hii nitamwachia mama Roda. Sahani sitazibeba, zitavunjika." Ni Mwanaisha. Anagawa vyombo vyake kabla hajahukumiwa.

Alhamisi, 20 Januari

Sijala. Nikisema, Bibi ni mchawi. Nikinyamaza, Mwanaisha ndiye. Naye Enoka yuko kwenye tope na sepetu, hanisikii hata nikigonga reli yote mpaka Vwawa.

Jana nilimkasirikia Bibi mpaka nikamwekea chakula bila kumtazama. Leo nimemkuta anamfunika Roda miguu kwa kitenge chake kipya.

Ijumaa, 21 Januari

Ilikuwa lazima nizungumze naye, na Bibi hazungumziki kwa siri. Neno lolote la kumfikia yeye linafika kota nzima. Nikamshika mkono nikamwambia kwa ishara twende shambani. Tukavuka reli, tukapita mahindi yote mpaka mwisho wa kishamba changu cha maharage, ambako hakuna mtu, na hapo ndipo nilipopiga kelele.

"Bibi! Wewe ndiye unagonga bomba!"

Hakukana. "Ndiye mimi."

"Kwa nini unatufanyia hivi?"

"Siku ya kwanza lilitetemeka. Nilidhani maji." Yeye naye hupaza sauti, maana hajisikii. "Nikagonga kama mnavyogonga. Halafu nikaweka jino, lilikuwa linaniuma kweli siku ile. Nikawasikia, mke mwenzangu! Milango, ndoo, yule mnene anayecheka. Kwangu Itaka nikitwanga tu, watu wanakuja. Huyu anaomba moto, huyu anaomba chumvi, hana shida ya chumvi, anataka maneno. Hapa mmenikalisha kama gunia. Nikigonga, mnaongea. Nikiacha, mnanyamaza."

"Mama Ketrina alivunjika mkono kwa sababu ya kugonga kwako!"

Akanitazama. Nikarudia kwa nguvu, nikamwonyesha mkono, mteremko, ndoo. Alikaa chini kwenye matuta, kitenge kipya kwenye tope.

"Mliniambia kaanguka," akasema. Safari hii kwa sauti ndogo. "Nani aliniambia alikuwa anakimbilia nini?"

Ni kweli. Nilimpigia kelele maneno mawili nikaenda zangu.

Nikamweleza yote: kikao, Mwanaisha, Pangani. Na neno lile pia nililitaja, lile walilokuwa wanataka kumwita Itaka. Nikamwambia, "Kesho nitasema. Nakupenda, Bibi, lakini nitasema. Siwezi kumnyonyesha mtoto aliyebebwa na mtu ninayemwacha afukuzwe." Akajipangusa mikono. "Na mimi nitakuja. Mume wetu asije akasikia kwamba wewe ulisimama peke yako."

Jumamosi, 22 Januari

Tulikaa chini ya paa la balozi, wanaume kwenye benchi, sisi kwenye mikeka. Mawingu yalikuwa mazito lakini hayakushuka. Mwanaisha alikaa peke yake mwisho wa mkeka, mgongo umenyooka. Yahaya alikuwa safarini.

Mzee Osward akafungua. "Ndugu zangu, tunajenga taifa la kusaidiana. Sasa mtu akichezea maji ya wenzake huyo ni kupe." Akataka wenye neno. Tabu akaanza: pipa, ubani, kutembea kama bibi harusi, na jinsi mtu asiye na mtoto anavyotafuta la kufanya. Hapo Mwanaisha alifumba macho mara moja, akayafungua.

Nilisimama. Roda mgongoni akanishika sikio.

"Anayegonga bomba anatoka kwangu," nikasema. "Ni Bibi."

Kama nilivyojua: Tabu akavuta mtoto wake mapajani. "Nilisema mimi! Nilisema yale macho! Mzee mwenye macho mekundu namna ile usiku analala kweli? Hivi Itaka alifukuzwa kwa nini?"

Sijui nguvu zilitoka wapi. "Tabu, nitazame mimi. Yangu yana rangi gani? Tunapika kwa kuni mbichi tangu mvua zianze. Na yako ukajitazame kwenye kioo. Kama ni macho, basi kota nzima turuke na ungo." Mwanaume mmoja kwenye benchi akaguna. Nikaendelea kabla sijaishiwa. "Bibi hasikii. Hasikii chochote isipokuwa kwenye bomba, kwa mfupa wa taya. Asiyeamini aende akajaribu. Aligonga ili atusikie tukiongea, kwa sababu tukiwa naye hatuongei. Hakujua kwamba mkono ulivunjika kwa ajili hiyo. Mimi sikumwambia. Hakuna aliyemwambia."

Mzee Osward, mtu mzima, balozi, aliinuka akaingia jikoni kwake. Tulimsubiri. Aliporudi alikuwa na alama ya kutu chini ya sikio. "Kuku wa mlango wa tatu ametaga," akasema. Hakuna aliyejua acheke au asicheke.

Ndipo Bibi aliposimama. Yeye hakuwa amesikia hata neno moja, alikuwa akitazama midomo. Alitembea mpaka kwa Mama Ketrina, akatoa kwenye kitenge ule msumari wa reli, akauweka kwenye mkono wake mzima. Halafu akainamisha kichwa na kusema Kinyiha, lugha ya kwao. Wote wakanigeukia mimi.

"Anasema hivi," nikatafsiri. "Anasema, mkono mmoja nilikuvunja, mwingine nimekuachia. Unigonge na wewe. Unigonge mara tatu, labda maji yatatoka."

Mama Ketrina aliutazama msumari. Aliutazama sana. Yule mama ana hasira, na plasta ile inamwasha. Mdomo wake ulianza kucheza pembeni.

"Mwambie," akasema, "na kichwa kigumu hivi msumari wa serikali utapinda. Mume wangu atakatwa mshahara."

Kicheko kilipasuka kwanza kwenye benchi. Hata mimi nilicheka, huku nalia. Na lile neno la Tabu, sijui lilienda wapi. Huwezi kumcheka mtu namna ile halafu ukamwita mchawi. Mzee Osward akatoa hukumu yake haraka kabla halijarudi: Bibi apigwe faini ya togwa, kota nzima inywe ishibe. Na kuanzia leo asigonge bure mtu yeyote.

Mwanaisha hakucheka. Alisimama, akakung'uta kanga. "Mmefurahi," akasema. "Mimi nilishafunga mizigo." Akaenda, akafunga mlango wake. Nilisikia komeo.

Jumapili, 23 Januari

Nimebisha hodi kwake mara mbili. Hakufungua.

Jumamosi, 29 Januari

Togwa la Bibi limeiva vizuri, kimea cha ulezi nilikitafuta mpaka kwa shangazi yangu kule Nakonde, ng'ambo ya mpaka. Wamekunywa wote, hata Tabu, ingawa alinusa kwanza. Bibi alimnywesha Mama Ketrina kwa mkono wake kama mtoto. Nilipeleka bakuli kwa Mwanaisha. Alifungua kidogo, akalipokea, akasema, "Ahsante, mama Roda." Sio shoga. Mama Roda.

Najua alichotaka kusema. Ulikuwa na mdomo tangu Novemba, ukanyamaza.

Jumamosi, 5 Februari

Redioni wanasema vyama viwili vya siasa vimekuwa kimoja. Mzee Osward amevaa shati jipya. Mvua.

Jumapili, 20 Februari

Bibi ametii kupita kiasi. Hagongi, na sasa hata taya haweki. Nikimwonyesha bomba anatikisa kichwa. Amepungua. Nimeanza kukaa naye kila siku baada ya chakula, mdomo kwenye sikio lake, namsimulia kwa kelele nani kafanya nini. Kota nzima inasikia ninavyowasema, kwa hiyo imebidi niwaseme vizuri.

Jumatano, 9 Machi

Mwanaisha amemchukua Roda asubuhi bila kuniambia neno, amemrudisha jioni ameogeshwa, amesukwa. Nywele zenyewe za kusuka ziko wapi? Kazisuka hivyo hivyo.

Alhamisi, 24 Machi

Mvua zinakata. Enoka anakuja mwisho wa mwezi. Bibi amesema anataka kurudi Itaka, nyumba yake isibomoke bila mtu. Tumeogopa wote, naye amesema, "Wakinitazama vibaya nitawatoza faini ninayoijua mimi, ya togwa." Mama Ketrina, ambaye plasta yake imetolewa, anasema atamsindikiza yeye mwenyewe na akae wiki. "Nione nani atampita mbali nikiwa nimekaa mlangoni."

Jumatano, 30 Machi

Leo mchana jua lilitoka. Enoka amelala kama gogo, hajamaliza hata kusomewa. Bibi alikuwa anakunja kitenge chake kwa safari ya kesho, mimi nakoroga uji.

Bomba likagongwa.

Mara moja. Kimya. Mara moja tena, polepole, kwa kitu chepesi kama kijiko. Sio maji hayo, na hakuna aliyesema ni maji. Nilijua jiko. Sasa najua kusikiliza.

Nikamgusa Bibi bega, nikamwonyesha bomba. Akakataa. Nikamshika kichwa kwa mikono miwili, kama ninavyomshika Roda kumnywesha dawa, nikaegemeza taya lake kwenye chuma. Akatulia.

"Yule wa ubani," akasema. "Ananiamkia."

Mwanaisha alikuwa anaongea na bomba, mdomo karibu na chuma. Mimi nilimsikia kupitia ukuta tu, maneno nusu nusu: "...shikamoo, bibi... safari njema... na huyo mke mwenzio mwambie nimemkasirikia bado, lakini kesho nitakuja kumsaidia kufua, shoga yangu asije akafa na nepi."

Bibi alinitazama aombe ruhusa. Nikamtafutia kijiko.

Aligonga mara moja. Nje nilisikia mlango wa Mama Ketrina, halafu sauti yake kubwa: "Ni maji?"

"Sio maji!" nikajibu.

"Basi nakuja," akasema, na nikamsikia akiiweka ndoo chini.